Nyua za Dandora: Usafi na usalama huanzia mlangoni

MTAA wa Dandora, ulioko mashariki mwa jiji la Nairobi, umetajwa kwa miaka mingi kwa mambo mawili: jaa la taka na uhalifu. Lakini ndani ya mtaa huo huo kumezuka jitihada za wakazi, hasa vijana, za kusafisha na kupamba nyua zilizo kati ya nyumba, na kuzigeuza kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kucheza na mama kupita jioni bila hofu.

Ili kuelewa jitihada hizo, ni sharti kwanza kufahamu jinsi Dandora ilivyojengwa.

Chanzo cha mtaa

Mpango wa Dandora ulianza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, chini ya Baraza la Jiji la Nairobi. Nia ilikuwa kuwapa watu wa mapato ya chini viwanja vipatavyo 6,000 vyenye maji, njia za maji taka, barabara, choo na bafu. Mwenye kiwanja angejenga vyumba vyake hatua kwa hatua kadiri ya uwezo wake. Mtaa uligawanywa katika awamu tano, na hadi leo mkazi hujitambulisha kwa awamu anayoishi.

Viwanja vingi vilipangwa vizunguke ua wa pamoja. Wapangaji wa mji walitarajia ua huo uwe mahali pa watoto kuchezea, pa kuanika nguo na pa majirani kukutana.

Kasoro haikuwa katika mchoro. Nyumba ilikuwa na mwenyewe, barabara ilikuwa ya Baraza, lakini ua haukuwa na mtu wa kuufagia wala kuutetea. Wenye viwanja wengi walijenga vyumba vya kupangisha, wengine wakapandisha maghorofa na kuhamia kwingineko. Mpangaji aliyejua kwamba huenda akahama mwezi ujao hakuona sababu ya kuzibua mtaro. Huduma za Baraza zilipodhoofika, nyua zikajaa taka na maji machafu, na usiku zikawa vichochoro vya wanyang'anyi.

Vijana washika majembe

Mabadiliko yalianza kuonekana katika muongo wa 2010. Vikundi vya vijana viliamua kuanzia pale walipokuwa wakiketi kila siku bila kazi. Walizoa taka, wakafukua mitaro, wakapanda nyasi na miti, wakapaka kuta rangi na kuweka malango. Miongoni mwa nyua zilizojulikana mapema kwa kazi hiyo ni ule wa kikundi cha Mustard Seed.

Kutokana na mfano huo kulizaliwa Dandora Transformation League, muungano wa vikundi ambao Charles Gakanga ni mmoja wa waanzilishi wake. Tangu mwaka wa 2014 muungano huo umeendesha shindano la Changing Faces, ambamo kila kikundi huchagua ua au uwanja uliotelekezwa na kuutengeneza kwa muda uliowekwa. Waamuzi hukagua kazi na washindi hutuzwa.

Faida ya mashindano ni kwamba yanawapa watu wasio na mtaji sababu ya kuanza mara moja. Kikundi kikiona ua wa jirani umeng'aa, hakitaki cha kwao kibaki nyuma. Baadaye shindano hilo lilivuka mipaka ya Dandora na kuingia mitaa mingine ya Nairobi.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu huko Gigiri, Nairobi, nalo lilishirikiana na wakazi kubuni barabara ya mfano mtaani. Wakazi walitumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft kuchora mapendekezo yao, hata wasiojua kusoma ramani za wahandisi wakapata njia ya kueleza wanakotaka taa, viti na njia ya miguu.

Usafi na usalama

Uhusiano wa usafi na usalama si dhana ngeni. Mwaka wa 1961 mwandishi Jane Jacobs wa New York alieleza kwamba mlinzi wa kwanza wa barabara ni macho ya wenyeji, wala si askari. Mwaka wa 1972, msanifu majengo Oscar Newman aliongeza kuwa eneo linalotumiwa na familia chache zinazojuana hulindwa kwa urahisi kuliko lile la kila mtu. Nyua za Dandora ni eneo la aina hiyo hasa.

Ua unapokuwa safi, watu hutoka na kuketi nje. Wanapoketi, hujuana. Wanapojuana, mgeni anayenyemelea huonekana. Na kijana aliyeupanda mti kwa mkono wake ndiye wa kwanza kumkemea anayeung'oa.

Lakini kuna upande mwingine. Kijana wa Eastlands anayelinda ua usiku ndiye huyo huyo anayeshukiwa na askari wa doria kwa sababu tu ya umri na mtaa wake. Malalamiko kuhusu vijana kuuawa na polisi ni miongoni mwa yaliyochochea kuanzishwa kwa vituo vya haki vya kijamii, kikiwemo cha Dandora. Mtaa hauwezi kuitwa salama iwapo mzazi anamhofia mwizi na askari kwa pamoja.

Nani atautunza ua?

Kuupamba ua ni kazi ya majuma machache. Kuutunza ni kazi ya miaka. Rangi hubabuka, taa huungua, na mfadhili huondoka. Nyua zinazodumu ni zile ambazo kila nyumba hutoa ada ndogo ya mwezi, vijana wakalipwa kwa kufagia na kulinda.

Hapa pana hatari inayopaswa kuangaliwa. Ada iliyokubaliwa mkutanoni na kuandikwa daftarini ni ushirika. Ada inayodaiwa kwa vitisho ni unyang'anyi uliovaa sare ya usafi. Tofauti iko katika hesabu inayosomwa mbele ya wote, wapangaji na wenye nyumba. Vivyo hivyo, lango linalofungwa usiku lazima liwe na mwenye ufunguo anayejulikana, ili moto ukizuka au mgonjwa akizidiwa, gari lipite.

Mipaka ya mkono wa jirani

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakazi wanaweza kufagia ua, lakini hawawezi kuliondoa jaa. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na bado magari yakaendelea kumwaga taka za jiji. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira wa mwaka wa 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na madini ya risasi kwa kiwango cha kutia hofu. Mwaka wa 2021 mahakama iliamuru jaa hilo lifungwe.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali kuhimiza wananchi washiriki kuyatunza. Wakazi wa Dandora wamekwisha kushiriki kwa fagio, jembe na fedha zao. Sehemu iliyobaki, ya kuzoa taka, kuwasha taa za barabarani na kulinda raia bila kuwadhulumu, ni ya wale wanaolipwa kwa kodi yao.