Karanga, fuko na somo la Kongwa

Katika nyanda za kati za nchi yetu wapo viumbe wawili ambao ni nadra kutajwa pamoja: karanga, ambayo ni mmea, na fuko, ambaye ni mnyama. Hata hivyo riziki ya wote wawili imo katika kupenya udongo.

Karanga huchanua ua dogo la manjano juu ya ardhi. Ua likishachavushwa, kikonyo huteremka na kuzama udongoni, na punje hukomaa humo gizani. Fuko naye huchimba kwa meno ya mbele akitafuta mizizi. Mmoja hana misuli, mwingine ana meno kama patasi, lakini sharti lao ni moja: udongo uwe laini. Ukikauka, kikonyo hushindwa kupenya, na fuko hutumia nguvu nyingi kwa mwendo mfupi.

Sharti hilo Waingereza hawakulizingatia. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulipendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Visiki vilivunja mitambo, mchanga ukala majembe. Kiangazi kilipoingia udongo ukawa kama saruji, na karanga zikanasa humo humo. Januari 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umeteketeza pauni milioni 36 hivi.

Wakati huo huo Wagogo, wenyeji wa hapo, walikuwa na uwele na mtama: mazao yanayovumilia ukame, na ambayo mavuno yake hukaa juu kwenye suke, si chini ya udongo. Jibu lilikuwa limesimama shambani, ila halikuulizwa.

Tusiwacheke Waingereza peke yao. Sisi nasi tumezoea kupanga kilimo cha vijijini tukiwa ofisini mjini, tukitazama ramani. Ramani huonyesha ukubwa wa eneo, haionyeshi ugumu wa udongo. Kwa hiyo kabla mkubwa yeyote hajatia saini mpango wa mashamba ya Dodoma, na apewe jembe la mkono, aende shambani mwezi wa Septemba, akalime hatua kumi tu. Kisha ndipo arudi kwenye hesabu zake.