Maneno ya kufungia barua, kutoka "katabahu" hadi "natanguliza shukrani"

Chukua barua yoyote ya ofisi ya serikali Tanzania. Ruka anwani, ruka kumbukumbu namba, ushuke moja kwa moja hadi chini. Aghalabu utakuta saini, jina kwa herufi kubwa, kisha maneno mawili matatu: "Kny: KATIBU MKUU", yaani kwa niaba ya Katibu Mkuu. Kwa mstari huo unajua kwamba aliyetia saini si mwenye barua. Yupo mkubwa nyuma yake, na barua imetoka kwa jina la huyo mkubwa.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Maneno ya kufungia barua huonekana kama adabu tupu, lakini katika historia yetu yamefanya kazi moja bila kuchoka: kumweleza msomaji mwandishi anasimama chini ya nani.

Barua za Kiswahili kongwe zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Kufikia karne ya 19 utaratibu wa barua za pwani ulikuwa umekomaa kiasi kwamba wageni waliona lazima waufundishane. Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar, aliweka mifano ya barua katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870, naye Mjerumani C. G. Büttner akatoa mkusanyo mzima wa maandishi ya hati hizo mwaka 1892.

Barua ya namna hiyo ilianza kwa msururu wa sifa za mpokeaji, ikaja "ama baada ya salamu", ndipo habari yenyewe. Ilipokwisha, mwandishi aliweka "wasalaam", kisha "wa katabahu", jina lake na la babake, na "biyadihi", yaani ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Aliyeandikiwa na katibu hakuficha: ilielezwa kwamba barua imeandikwa kwa amri yake. "Kny" yetu, kumbe, ina ukoo mrefu. Kabla ya jina lake mwandishi alijipima mbele ya mwenzake, akajiita mwanao, nduguyo, rafiki yako, hata mtumwa wako.

Waingereza walikuja na kipimo chao. Katika ofisi zao, Afrika Mashariki kama kwingineko kwenye himaya, barua rasmi ilifungwa kwa kutamka kwamba mwandishi anayo heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa anayeandikiwa. Karani alimwandikia hivyo bwana shauri. Gavana naye, pamoja na ukubwa wake wote, alimwandikia hivyo Waziri wa Makoloni kule London. Hata afisa aliyekuwa akikataa ombi la mtu alijiita mtumishi mtiifu wa yule yule anayemkatalia. Utii haukuwa wa moyoni. Ulikuwa ngazi, na kila mtu alijua amesimama kipago gani. Masalia yake tunayo katika "Wako mtiifu", na mwanafunzi wa Kenya bado hufundishwa kufunga barua rasmi kwa "Wako mwaminifu".

Tanzania ilijaribu kuiangusha ngazi hiyo. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na mwaka huo huo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akaagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. "Bwana" wa juu ya barua akawa "Ndugu", na chini yake yakaenea maneno "Wako katika ujenzi wa taifa". Mwandishi na msomaji sasa walikuwa bega kwa bega, wote wawili watumishi wa taifa. Maneno hayo yameishi kuliko siasa iliyoyazaa: kijana aliyehitimu chuo juzi huyaweka kwenye barua ya kuomba kazi, hata kama anayeombwa ni benki ya watu binafsi.

Barua pepe ilizaliwa haina mkubwa. Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET mwaka 1971. Mwaka 1978 wataalamu J. C. R. Licklider na Albert Vezza waliandika kwamba sifa mojawapo ya ujumbe huo ni kuweza kumwandikia mtu mzima kuliko wewe, mwenye cheo kuliko wewe, kwa ufupi na kwa makosa ya kuchapa, naye asiudhike.

Uhuru huo haukudumu. Kompyuta zilipoingia maofisini, adabu za barua ziliingia nazo, na nafasi iliyobaki wazi chini ya ujumbe ikapata wa kuijaza. Mwaka 1996 huduma ya Hotmail ilianza kubandika mwishoni mwa kila ujumbe wa wateja wake mstari wa kumwalika mpokeaji afungue akaunti ya bure. Haikupita miaka miwili ikawa na mamilioni ya watumiaji, na Microsoft ikainunua. Baadaye simu za BlackBerry na iPhone zikawa zinatangaza zenyewe ujumbe umetumwa kwa simu gani. Aliyewahi kuwa mtumishi wa mfalme, kisha wa taifa, sasa alikuwa mpiga debe wa kampuni, bila malipo.

Leo, kwenye barua pepe, hakuna anayetuagiza tufunge vipi, ndiyo maana mtu anaandika aya tatu kwa dakika tano na kukwama kwenye neno la mwisho. Dokezo moja lilitoka mwaka 2017, kampuni ya Boomerang ilipochambua mijadala ya barua pepe zaidi ya 350,000. Ujumbe uliofungwa kwa shukrani ulijibiwa mara 62 kwa kila 100. Usiofungwa hivyo, mara 46. Tusisahau kwamba wengi wa waandishi hao walikuwa wanaomba msaada, na mwombaji kushukuru ni jambo la kawaida.

Basi kipimo kimehama kutoka cheo hadi haja. Unaripoti kwa mkuu wako? "Nawasilisha" inatosha. Unaomba? "Natanguliza shukrani", ila kwa mkubwa ambaye hajakubali bado inaweza kusikika kama umemjibia, na hapo "Nitashukuru kwa msaada wako" ni salama zaidi. "Wasalaam" inamfaa karibu kila mtu, awe wa dini yoyote. "Wako mtiifu" kwa mwenzako wa meza ya pili itachukuliwa kejeli. Na mkishafikia jibu la nne asubuhi hiyo hiyo, weka jina lako tu, salamu mlishamaliza.