Kiti cha kulishia mtoto: namna ya kukichagua na kukitumia bila ajali

Swali hili hutufikia mara nyingi kwenye simu za kipindi cha asubuhi: "Mtoto wangu ana miezi saba. Nimeona kiti cha kulishia mnadani, kimetumika lakini bado kizuri. Ninunue?" Muda wa hewani hautoshi kulijibu vizuri, kwa hiyo tumeliandika hapa ili ulisome kwa nafasi yako na umwonyeshe pia yule anayebaki na mtoto unapokwenda shambani.

Jibu fupi ni hili: si lazima ununue. Ukinunua, angalia mkanda kabla ya rangi na urembo.

Mtoto awe tayari kwanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, kisha aanze vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya. Kiti cha kulishia hakina kazi kabla ya hapo. Hata baada ya miezi 6, tazama mwili wake. Je, shingo imekaza? Anaweza kukaa mkekani bila kushikwa na bila kuanguka upande? Kama bado, mpakate umlishe. Mtoto anayelegea kitini hupinda shingo, na chakula kinaweza kumpalia.

Urefu wa kiti hutegemea mnapolia chakula

Viti virefu tunavyoviona madukani vilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo watu hulia mezani. Urefu ule ni wa kumfikisha mtoto kwenye meza ya wakubwa. Kama nyumbani kwako mnakula mkekani, hauna haja nao. Unampandisha mtoto juu bila sababu, na akianguka anaanguka mbali zaidi.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi seremala, mwagize kiti kifupi, cha kumtosha mtoto kukaa nanyi wakati wa kula. Kiti kifupi hakipinduki kwa urahisi na hugharimu mbao chache. Lakini mkanda ubaki palepale, kwa sababu hata kiti kifupi mtoto anaweza kuchomoka.

Mkanda wa katikati ya miguu

Nitasema lililonikuta mwenyewe. Binti yangu alipokuwa na miezi tisa tulipewa kiti cha mbao chenye trei mbele. Mkanda hakikuwa nao. Tuliona trei inatosha kumzuia. Siku moja nilimpa kisogo nichote maji mtungini. Nilipogeuka alikuwa ameteleza chini ya trei, makalio yako nje ya kiti, amening'inia kwa makwapa. Hakuwa akilia. Angeteleza kidogo zaidi, trei ingemkaba shingo.

Ndiyo maana nasema trei si mkanda. Kiti salama kina mkanda unaopita kiunoni na mwingine unaopita katikati ya miguu, yote miwili ikikutana kwenye kifungio kimoja. Vingine vina mikanda ya mabegani pia, na hivyo ni bora zaidi kwa mtoto anayependa kusimama. Kumfunga kwa kanga tumboni hakutoshi. Kanga hulegea, na haizuii kuteleza kwenda chini.

Kama kiti unachokipenda hakina mkanda wa katikati ya miguu, fundi viatu au fundi cherehani anaweza kuushona kwa utepe mgumu kama wa mkoba wa shule. Ufungwe kwenye mbao ya kiti kwa bolti, usigongelewe misumari midogo. Ukishamfunga mtoto, vidole vyako viwili vipite kati ya mkanda na tumbo lake, visizidi.

Majaribio ya kufanya kabla ya kulipa

Usione haya kukijaribu kiti mbele ya muuzaji.

1. Kisukume kwa mkono kutoka mbele, nyuma na pande zote. Miguu iwe imepanuka chini kuliko juu. Kikiyumba kikiwa kitupu, kitayumba zaidi mtoto akikaa.
2. Kama ni cha kukunjika, kifungue kisha jaribu kukikunja bila kugusa kufuli yake. Kikikubali kukunjika, kiache.
3. Funga na fungua kifungio cha mkanda mara kumi. Kikwame vizuri, lakini mtu mzima aweze kukifungua haraka kwa mkono mmoja.
4. Pitisha kiganja kwenye mbao zote. Tafuta vibanzi, vichwa vya misumari na plastiki iliyopasuka. Tafuta pia matundu yanayoweza kubana kidole, na mianya ambayo mwili wa mtoto unapita lakini kichwa kinakwama.
5. Tikisa kila skrubu.

Hilo la skrubu si dogo. Machi 2010 nchini Marekani, viti takriban milioni 1.2 vya aina moja viliitwa virudishwe kwa sababu skrubu zililegea na vishikizo vya plastiki vilipasuka, viti vikapinduka na watoto. Mitumba husafiri mbali, na onyo la kiwandani halisafiri nayo. Mnunuzi wa mnadani ndiye mkaguzi wa mwisho.

Kama kiti kina maandishi ya uzito wa juu kabisa, linganisha na kilo zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Kwa kiti cha fundi, chagua mbao ngumu iliyokauka, ipigwe msasa vizuri, na uwepo ubao wa kukanyagia miguu. Usikipake rangi kuukuu iliyobaki stoo. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto, na mtoto hutafuna kila kilicho mbele yake.

Mahali pa kukiweka

Kiti kikae chini, kwenye sakafu au ardhi iliyosawazishwa. Usikiweke juu ya meza, kwenye baraza lenye ngazi wala kwenye mteremko. Kiwe mbali na jiko la mkaa, mafiga, sufuria ya ugali na chupa ya chai. Mkono wa mtoto hufika mbali kuliko tunavyodhani, na akivuta kitambaa cha meza huja na kila kilicho juu yake.

Kisiwe karibu na ukuta au meza ambapo anaweza kuegemeza miguu na kujisukuma. Hivyo ndivyo viti vingi hupinduka kwa nyuma. Waonye pia kaka na dada zake wasikiparamie wala kukisukuma kama gari.

Wakati wa kula

Mfunge kila mara, hata kwa vijiko viwili vya uji. Kaa naye, umtazame usoni. Mtoto anayepaliwa huenda asitoe sauti yoyote, kwa hiyo kumsikiliza tu ukiwa jikoni hakusaidii.

Mpe chakula laini kilichopondwa. Karanga nzima, punje za mahindi, vipande vya muwa, vya karoti mbichi na vya nyama ngumu havimfai. Akimaliza, mtoe. Asilale kitini, kwa sababu kichwa huangukia kifuani na kubana njia ya hewa. Kisha osha trei na mkanda kwa maji na sabuni, maana mabaki ya uji huita sisimizi na mende.

Akipaliwa au akianguka

Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache aendelee kukohoa, ukimwangalia. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, fungua mkanda mara moja na uite msaada. Kama hajafika mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali na ubonyeze mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia mpaka kitoke au msaada ufike. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona.

Akianguka na kugonga kichwa, mpeleke zahanati akaangaliwe, hasa akiwa chini ya mwaka mmoja. Usisubiri hata kidogo ukiona amepoteza fahamu, anatapika tena na tena, analala usingizi usio wa kawaida, ana degedege, au damu ama majimaji yanatoka puani au masikioni.

Kama kiti hakuna

Mtoto hakosi kitu. Mkeka, mapaja ya mama, baba au bibi, na bakuli lake mwenyewe vinatosha kabisa. Usimkalishe ndani ya ndoo, juu ya ndoo iliyogeuzwa wala kwenye kiti cha plastiki cha wakubwa kilichowekewa mito. Hivyo vyote hupinduka.

Na kama kiti kipo, mfundishe kila anayemlisha mtoto, awe bibi, shangazi au dada wa nyumbani, namna ya kufunga mkanda na namna ya kuufungua haraka. Mwache afanye mwenyewe mbele yako, kisha ndipo uondoke.