Mtoto Asiye na Mjomba

Ndugu msikilizaji, wiki hii twende Mkuyuni, kwenye barabara itokayo Morogoro mjini kuelekea Matombo. Nilifika huko kumzika mzee mmoja. Pale makaburini vijana wawili wakarushiana maneno juu ya shamba la migomba. Mmoja akamwambia mwenzake: "Wewe nyamaza, bibi wa bibi yako alinunuliwa." Aliyeambiwa, kijana wa miaka 15 hivi, hakujibu neno. Aliweka jembe chini akaondoka.

Tusi hilo lina historia. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita chini ya milima ya Uluguru, ikibeba pembe na watu. Hapo Kisabengo, Mzigua, alijenga mji wake, na miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo watumwa waliotoroka. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji huo una ukuta wa mawe, akakadiria watu 3,000 hadi 5,000. Kwa hiyo sisi wa Morogoro mjini tusijione waungwana mno.

Kwa Waluguru mtoto hufuata ukoo wa mama, na shamba hutoka kwa wajomba. Sasa mtoto ambaye mama yake aliletwa kwa kununuliwa, mjomba angempata wapi? Chakula alipata na nguo alipata, lakini siku ya kugawa shamba au kuposa hakuwa na wa kumsemea.

Sheria nayo ilikuja kwa kusuasua. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 ilitamka kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hebu piga hesabu. Mwaka 1920 ndugu wawili wa tumbo moja wanakula sahani moja: wa miaka 16 ni mtumwa, wa miaka 14 ni huru! Furaha ya nyumba hiyo ingekuwaje?

Leo Ibara ya 12 ya Katiba yetu inatamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Lakini yule kijana wa Mkuyuni hakutukanwa na sheria. Alitukanwa na mwenzake, na mwenzake hakuzaliwa akilijua neno lile. Alilisikia nyumbani, kwa wakubwa. Tunalalamika kuwa vijana wetu wananuna na kukimbilia mjini, kumbe wengine tunawafukuza kwa ndimi zetu.

Mzee mmoja wa ukoo alimfuata kijana yule njiani, akamrudisha kwa kumshika mkono. Akampa jembe, akasema mbele ya watu wote: "Huyu ni mpwa wangu. Atatia udongo kabla yenu." Shauri la shamba likawekwa hadi baada ya arobaini. Jioni nilimwona kijana amekaa mkekani na wenzake, anakula.

Ndugu msikilizaji, nyumbani kwako watoto wanasikia nini juu ya asili ya jirani?