Kikombe si mizani: Jinsi ya kugeuza vipimo vya kuoka kuwa gramu

KIKOMBE cha unga wa ngano na kikombe cha sukari hujaza nafasi sawa, lakini uzani wao haulingani. Kwa mama anayepika mandazi au kuoka keki za kuuza mtaani Ayany, Kibera, jijini Nairobi, tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo siku itaisha kwa faida au kwa hasara.

Kikombe cha vipimo cha mililita 250, kikijazwa na kusawazishwa kwa kisu, huwa na uzani wa takriban:

Unga wa ngano: gramu 125
Unga wa mahindi: gramu 150
Sukari: gramu 200
Mafuta ya maji au majarini: gramu 230
Maji: gramu 250

Kijiko cha chai, yaani mililita 5, hubeba takriban gramu 3 za hamira kavu au gramu 6 za chumvi laini.

Unga ndio wenye matatizo zaidi. Ukitiwa kikombeni polepole kwa kijiko, hutoa gramu 125. Ukichotwa kwa kikombe chenyewe na kushindiliwa, hufika gramu 150. Hivyo basi, pakiti ya kilo 2 hutoa vikombe 16 kwa njia ya kwanza, na 13 tu kwa njia ya pili. Anayehitaji vikombe 4 hujikuta ametumia gramu 600 badala ya 500. Donge huwa gumu na gharama hupanda.

Utata huzidi pale unga unapouzwa kwa gorogoro. Mara nyingi mkebe huo ni ule wa kilo 2 za mafuta ya kupikia. Unga ni mwepesi kuliko mafuta, kwa hivyo mkebe uliojaa unga hautimizi kilo 2. Kitako kikibonyezwa kwa ndani, mnunuzi hupunjika zaidi. Ni heri kuulizia uzani kabla ya kulinganisha bei ya gorogoro na ya pakiti.

Mwenye mizani ya jikoni aweke kikombe kitupu juu yake, airudishe kwenye sifuri, kisha ajaze na kusoma uzani.

Asiye na mizani afungue pakiti mpya ya kilo 2 na kuhesabu inajaza vikombe vingapi vyake, akichota kwa namna ile ile kila mara. Kisha agawanye 2,000 kwa idadi hiyo. Vikombe 14, kwa mfano, humaanisha kila kimoja kina takriban gramu 143. Aandike jibu ukutani na asibadilishe kikombe.

Aidha, mizani ya nyumbani inafaa kuokea tu. Anayeuza bidhaa kwa uzani anatakiwa na Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, kutumia mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri.