NANI MWENYE SAUTI YA NENO? Historia fupi ya mabishano juu ya matamshi ya istilahi za kompyuta

1. Utangulizi

Tangu taaluma ya kompyuta ianze kujiundia istilahi zake, watumiaji wa istilahi hizo hawajapatana juu ya namna ya kuzitamka. Wengi huyachukua mabishano hayo kuwa mzaha wa mafundi tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nyuma ya mzaha huo limo swali la zamani katika isimu: neno likishazaliwa, nani mwenye mamlaka juu ya sauti yake? Ni yule aliyelibuni, ni umma unaolitumia, au ni maandishi yenyewe? Tutapitia kwanza mifano michache kutoka Marekani na Ulaya, kisha tutaeleza kwa nini jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili, na hasa sisi wa Kongo, ambao istilahi nyingi za aina hii hutufikia kwa njia ya Kifaransa.

2. Sikio na jicho: mfano wa SQL

Mwaka 1974, watafiti wawili wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia habari zilizohifadhiwa katika hifadhidata. Waliipa jina la SEQUEL, ambalo kwa Kiingereza hutamkwa «sikwel». Baadaye ilionekana kwamba jina hilo lilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiunda ndege. Ikabidi jina lifupishwe, likawa SQL. Lugha hiyo ilikubaliwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986, na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1987.

Sheria ya biashara iliweza kuondoa irabu kwenye karatasi, lakini haikuweza kuziondoa vinywani. Hadi leo wako wanaosema «sikwel», na wako wanaotaja herufi moja moja. Kitabu cha maelezo cha programu ya MySQL kinapendekeza njia ya pili, lakini kinaongeza kwamba watungaji wake hawamchukii anayefuata ya kwanza.

Mfano huu unatufundisha kwamba istilahi husafiri kwa njia mbili. Iko njia ya sikio, ambayo mwanafunzi hulipokea neno kutoka kinywani mwa aliyemtangulia. Na iko njia ya jicho, ambayo hulikuta katika kitabu na kulisoma kwa kanuni anazozijua. Mtu wa njia ya kwanza hurithi historia ya neno hata kama haijui. Mtu wa njia ya pili hurithi herufi peke yake. Wakikutana, kila mmoja humdhani mwenziwe kuwa amekosea, na kumbe kila mmoja ameifuata njia yake kwa uaminifu.

3. Mamlaka ya mbunifu

Wako wabunifu waliojaribu kuilinda sauti ya neno lao. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza mwaka 1977 kuunda programu ya kupanga maandishi ya hisabati iitwayo TeX, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 kwamba herufi ya mwisho si iksi ya Kiingereza. Ni herufi ya Kigiriki yenye sauti ya kukwaruza koo, kama kh ya Kiarabu. Waingereza na Wamarekani wengi hawana sauti hiyo, wakaifanya k. Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili nacho kilipokea kh katika maneno ya asili ya Kiarabu, kisha wasemaji wengi wakailainisha: khabari ikawa habari, kheri ikawa heri. Sauti ambayo kinywa cha wengi hakina haidumu, hata ikiwa imeandikwa kwa wino.

Mfano wa pili ni Linux. Linus Torvalds, Mfini ambaye lugha yake ya mama ni Kiswidi, alianza kazi hiyo mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Wamarekani wengine walilisoma jina kama wanavyolisoma jina Linus kwa Kiingereza, yaani «Lainaks». Mwaka 1994 Torvalds alirekodi sauti yake mwenyewe ili watu wasikie anavyotamka, na matamshi yake yalikuwa karibu na «Linuks». Inafaa kuona kwamba Mswahili anayelisoma jina hilo kwa kanuni za lugha yake hukaribia matamshi ya mwenyewe bila kufundishwa, kwa kuwa i yetu ni i na u yetu ni u. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotafsiri programu huria, na uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulijiita Kilinux.

Mfano wa tatu ndio maarufu kuliko yote. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ya Marekani ilitoa muundo wa kuhifadhi picha uitwao GIF, uliobuniwa na kundi lililoongozwa na Steve Wilhite. Yeye alitaka litamkwe «jif». Wapinzani walijibu kwamba G imetokana na neno la Kiingereza la michoro, ambalo huanza na g ngumu kama ya gari; kwa hiyo waseme «gif». Hoja hiyo haina nguvu sana. Katika JPEG, P imetokana na neno la upigaji picha ambalo Kiingereza hulianza kwa sauti ya f, lakini hakuna anayesema «jefeg». Hata hivyo, mbunifu naye hakushinda. Mwaka 2013, alipotunukiwa tuzo kwa kazi yake, Wilhite alitumia nafasi hiyo kusisitiza matamshi yake, na ubishi ukawaka upya. Alifariki mwaka 2022. Kamusi za Oxford zimeyakubali matamshi yote mawili.

Kwa hiyo mamlaka ya mbunifu ni ya heshima tu. Husikilizwa pale ambapo umma haujapata mazoea yake wenyewe. Ukishayapata, hata sauti ya mwenye neno huwa sauti moja miongoni mwa nyingi.

4. Giga na jiga

Kiambishi giga, chenye maana ya milioni elfu moja, kilipitishwa mwaka 1960 mjini Paris na Mkutano Mkuu wa 11 wa vipimo na mizani. Kimetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jitu. Kwa Kiingereza cha leo g ngumu ndiyo iliyoenea, ingawa katika filamu ya Marekani ya mwaka 1985, Back to the Future, mwanasayansi anasikika akisema «jigawati». Kifaransa, kwa upande wake, hulainisha g kila inapotangulia i; hapo hakuna ubishi wowote, ni kanuni ya lugha.

Hapa ndipo ubishi unapoingia katika madarasa yetu. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa husema «jiga». Mwenzake wa Dar es Salaam, aliyepata neno kwa njia ya Kiingereza, husema «giga». Vivyo hivyo, mtandao usio na waya, uliopewa jina la Wi-Fi mwaka 1999, huku husemwa «wifi», na kule «waifai». Kompyuta yenyewe kwetu ni «ordinatere», kutokana na neno la Kifaransa lililopendekezwa mwaka 1955 na Jacques Perret kwa ajili ya IBM ya Ufaransa; na nchini Kenya wako wanaoiita tarakilishi.

5. Kwa nini Kiswahili hakiwezi kukaa kando

Kiingereza kinaweza kubishana milele juu ya GIF kwa sababu tahajia yake inaficha ubishi: wote wanaandika herufi zilezile, kila mmoja anasema lake. Kiswahili hakina maficho hayo. Kwetu g ni g na j ni j. Anayeandika «gifu» amekwisha kutoa hukumu, na anayeandika «jifu» ametoa nyingine. Kila mtungaji wa istilahi anayetohoa neno, apende asipende, ni hakimu.

Hatari yake ni dhahiri. Matamshi mawili yakiandikwa kama yanavyosikika, huwa maneno mawili. Mwanafunzi wa Kongo akitafuta «jiga» katika kamusi iliyochapwa Dar es Salaam, hatalipata chini ya J, na anaweza kudhani kwamba Kiswahili hakina neno hilo.

Historia ya Kiswahili chenyewe inatuonyesha njia. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Hata hivyo, Kiswahili sanifu kilipotufikia katika vitabu, tuliipokea tahajia yake na kubaki na vinywa vyetu. Tunaandika lugha, na wengi wetu husema «luga». Tunaandika thelathini, na sokoni husikika «selasini». Hakuna barua iliyopotea njiani kwa sababu hiyo.

6. Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maandishi yawe ya mapatano: pale ambapo istilahi moja ina njia mbili, tahajia moja ichaguliwe kwa Kiswahili chote, na kamusi zitaje umbo la pili pamoja na kumwelekeza msomaji kwenye la kwanza. Kwa mfano huu wetu, «giga» linafaa zaidi, kwa kuwa alama yake ya kimataifa ni G na g ya Kigiriki ilikuwa ngumu. Pili, matamshi yaachiwe uhuru wake. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kwa kusema «jiga» mbele ya darasa anamhukumu kwa barabara aliyopitia, na bado hajajua kama mwanafunzi huyo anaelewa kuwa giga moja ni mega elfu moja. Tatu, watungaji wa istilahi wa Kongo washirikishwe mapema katika kazi ya kusanifisha, kabla maneno hayajazoeleka. Mfano wa GIF umeonyesha kwamba mapatano yanayokuja baada ya mazoea huwa yamechelewa.