Kisanduku Badala ya Hoja: Insurgent na Allegiant Zikitazamwa kutoka Kariakoo

Mtazamaji akilalamika kwamba filamu haikufuata kitabu, hujibiwa upesi: kitabu ni kitabu, filamu ni filamu. Jibu hilo ni la kweli, ila halimalizi ubishi. Sidai kwamba filamu ya Insurgent (2015) ilipaswa kuifuata riwaya ya Veronica Roth ukurasa kwa ukurasa. Ninachodai ni kikali zaidi. Filamu hiyo, pamoja na Allegiant iliyoifuata mwaka 2016, iliing'oa roho ya riwaya za distopia, yaani mashtaka dhidi ya utaratibu unaowatawala watu, na mahali pake ikapachika kufuli na ufunguo. Tena naamini kwamba mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Kariakoo analiona kosa hilo upesi kuliko mhakiki aliyekaa kwenye kiti cha sinema yenye kiyoyozi.

Kwa asiyezijua kazi hizi: mji wa Chicago umebaki magofu yaliyozungushiwa uzio, na wakazi wake wamegawanywa katika makundi matano kwa tabia. Wapo wanaojinyima, mashujaa, wasomi, wapole na wasema kweli. Kijana akifika miaka 16 huchagua kundi, na akishachagua, ndugu zake ni kundi hilo. Tris, binti wa wanaojinyima, anagundulika kuwa haingii kikamilifu katika kundi lolote, na watu wa namna yake huwindwa. Riwaya ya kwanza, Divergent, ilitoka mwaka 2011, na filamu yake iliyoongozwa na Neil Burger ikatoka 2014.

Riwaya ni za vijana, na zina udhaifu wake, hasa mapenzi yanayokula kurasa nyingi. Lakini zina jambo moja zito. Tris ndiye msimuliaji mkuu, na kupitia kwake tunauona mgawanyo ule kutoka ndani, ukiwa na mantiki yake. Walioubuni walijiuliza vita vilitokana na nini. Mmoja akasema ubinafsi, mwingine woga, mwingine ujinga, na kila jibu likazaa kundi. Msomaji anajikuta anakubali nusu ya maneno yao kabla hajashtuka. Hapo ndipo ilipo sumu ya distopia nzuri: dhuluma huja na sababu zake, na sababu hizo haziko mbali na zile tunazowapa watoto wetu tunapowagawa shuleni kwa michepuo.

Sasa tazama Insurgent ilivyolifanyia jambo hilo. Katika riwaya, siri inayogombaniwa ni taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Viongozi wa wanaojinyima walikusudia kuuambia mji asili yake, na Jeanine, kiongozi wa wasomi, akawashambulia ili taarifa hizo zisitoke. Ugomvi basi unahusu haki ya kujua: nani aamue lini raia waambiwe ukweli juu yao wenyewe? Tris analazimika kushirikiana na Marcus, baba aliyekuwa akimpiga Tobias, na kumficha jambo hilo Tobias huyo huyo anayempenda. Hakuna mtu anayetoka na mikono safi.

Katika filamu siri imekuwa kisanduku. Kina alama za makundi matano, kilifichwa nyumbani kwa wazazi wa Tris, na hakifunguki mpaka mtu wa aina yake ashinde majaribio matano. Jeanine hataki kuizima habari. Anataka kuifungua kwa udi na uvumba, akiamini itamuunga mkono. Mgogoro umepinduliwa miguu juu. Mtawala aliyekuwa anaogopa ukweli amekuwa mtafuta hazina. Nusu ya mwisho inatuonyesha Tris amening'inizwa kwa nyaya, akimkimbilia mama yake ndani ya nyumba inayowaka huku ikielea juu ya mji. Picha inapendeza. Ila ukiuliza Tris amebishana na nani, na kuhusu nini, hupati jibu. Amepambana na mashine, na mashine haina hoja.

Mabadiliko yenyewe si dhambi. The Hunger Games ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Gary Ross, ilikabiliwa na tatizo lile lile, kwa sababu riwaya ya Suzanne Collins nayo inasimuliwa na shujaa wake, Katniss, na hatuna macho mengine ila yake. Ross alibuni kisichokuwemo kitabuni: akatuingiza katika chumba cha waendesha mchezo. Tunawaona wakibonyeza vitufe, wakiwasha moto msituni, wakizungumza kama maofisa wa idara yoyote yenye kazi nyingi. Tukapoteza sauti ya Katniss, tukapata utaratibu ukiwa kazini, nao unatisha kwa utulivu wake. Hayo ni mageuzi yenye faida. Kisanduku cha Insurgent kilichukua bila kulipa.

Nitaambiwa kwamba mtazamaji wa kawaida hataki hoja, anataka mbio na milipuko. Insurgent iligharimu takriban dola milioni 110, na fedha kiasi hicho hazirudi bila kuwavuta hata wasioelewa neno moja la Kiingereza. Basi tuwaulize hao hao. Kwa miaka mingi vibanda umiza vya Dar es Salaam vimewapokea watu wa namna hiyo: mabenchi, joto, televisheni moja, kiingilio cha sarafu chache. Na waliloletewa watu hao ili filamu iwakolee lilikuwa sauti ya mtu, si milipuko zaidi. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, na wengi wakamfuata. Kanda zao, baadaye diski, ziliuzwa Kariakoo kama nyanya. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hiyo, aliipa makala yake jina linaloifananisha na kugeuza wali kuwa pilau.

Viungo vya pilau hiyo ni nini? Mtafsiri hupunguza sauti ya waigizaji, kisha huingia yeye. Hasemi tu walichosema. Anakueleza huyu anawaza nini, kwa nini yule kanyamaza, nani anauzwa na hajui. Anamlaumu mfalme, anamcheka mlinzi, anakumbusha kisa cha mtaani kinachofanana na hicho. Wapo waliopotosha, na wapo waliobuni visa kwa sababu Kiingereza kiliwapiga chenga. (Suala la haki za wenye filamu ni kesi nyingine: Aprili 2017 wasanii wa filamu za Kitanzania waliandamana Kariakoo kupinga biashara ya filamu za nje, nao walikuwa na haki ya kulalamika.) Kwa hoja yangu yatosha hili: watazamaji wanaodhaniwa hawataki maneno ndio waliolipa ili maneno yaongezwe. Walidai mtu wa kuwachambulia nia na sababu, kazi ile ile aliyoifanya Tris msimuliaji kitabuni na ambayo studio iliona ni mzigo.

Vibanda vimetupa pia kanuni ya stelingi, yaani shujaa mkuu wa filamu. Stelingi hafi, kila mtoto wa uswahilini anajua. Riwaya ya Allegiant (2013) iliivunja kanuni hiyo: Tris anakufa, na kifo chake kinatokana na uamuzi wake mwenyewe, hakikubandikwa ili tulie. Studio, ikifuata mtindo wa wakati ule, ilikikata kitabu cha mwisho vipande viwili ili kiuzwe mara mbili. Kipande cha kwanza kilitoka Machi 2016, stelingi akiwa mzima. Divergent ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani kote. Allegiant haikufika milioni 180. Kipande cha pili kilihamishiwa kwenye mipango ya televisheni, kisha kikafa kabisa. Mashtaka yaliyoanza mwaka 2014 hayakufika hukumuni, kwa sababu za mauzo. Sijui adhabu gani ingewafaa zaidi watu waliogeuza hoja kuwa mbio kuliko kukosa watu wa kukimbia nao.

Sisi tunayo distopia iliyoanzia mahakamani. Shaaban Robert, ambaye mtaa wenye jina lake unapita mbele ya Makumbusho ya Taifa, Kivukoni, alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Mshtaki ni Waziri Majivuno. Utetezi wa Karama ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mapendekezo ya kuinufaisha nchi na malipo yao yakawa gereza. Hakuna kisanduku. Kuna mtu anayesema na wakubwa wanaolazimika kusikiliza, na mvutano haupungui hata kidogo. Baada yake tumepata Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), kazi zinazovuruga dunia ili kuihoji.

Wala haiwezi kusemwa kwamba riwaya za Kiswahili haziingii kwenye kioo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) imekuwa filamu mikononi mwa Amil Shivji, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Shivji alipunguza mengi, lakini siasa za ukoloni hazikugeuzwa pambo la mapenzi.

Ombi langu kwa waongozaji wetu ni dogo. Najua Kusadikika ni nchi iliyo angani, na najua kompyuta siku hizi zinaweza kuining'iniza huko ikapendeza. Msianzie huko. Anzeni na kizimba cha Karama, mumpe mwigizaji mwenye sauti, na utetezi wake msiukate.